Mlango wa Kushoto

Ijumaa, tarehe 14 Oktoba 2016, saa nane na dakika kumi mchana, Mzee Abdirizak Farah alirudi kutoka msikitini, akasukuma geti la nyumba yake mtaani Pioneer, akakuta mwizi ameshapita. Pikapu yake kuukuu ilikuwa palepale uani, juu ya mawe. Kilichokosekana ni mlango.

Mlango mmoja tu, wa kushoto, usio na kioo wala kitasa, uliooza pale chini kiasi cha kupitisha kidole. Hatua tatu kutoka hapo, juu ya gunia safi, zilikuwa taa mbili mpya zilizosafiri kutoka Nairobi kwa basi, rimu nne za kromu, na kabureta iliyomchukua Mzee miezi sita kuitafuta. Hakuna hata kimoja kilichosogezwa. Mwizi gani huyo anayeruka nyama akaokota mfupa?

Sajini Rosebella Murunga alifika saa tisa kasorobo, kwa miguu, tena amenuna. Alijua vizuri kwa nini kituoni walimpa yeye kesi ya mlango: walitaka kucheka. Walimwita Karani, kwa sababu aliandika kila kitu, saa na dakika, hata rangi ya mbwa wa jirani. Tabia hiyo hakuzaliwa nayo, na alikoitoa hakuwahi kumwambia mtu.

"Geti ilikuwa imefungwa?" aliuliza.

"Komeo tu, madam. Mchana hapa hatufungi na kufuli. Mimi nimetoka saa sita na nusu kwenda Ijumaa. Bibi yangu, Mama Hafsa, yuko dukani kwake tangu asubuhi. Fundi Mulongo amebaki anasugua bodi, halafu ameenda lunch."

"Na hii gari ni ya biashara?"

Mzee Abdirizak alicheka, cheko la mtu aliyeulizwa kama anamuuza mwanawe. "Hii ni Peugeot 404 ya sabini na tatu. Baba yangu alikuwa na kama hii kule Wajir. Nimejifundisha kuendesha na hiyo, na kichapo juu. Miaka thelathini nimeendesha malori, sasa nimestaafu, nikasema wacha nitengeneze hii moja polepole hapa nyumbani. Bodi nimenunua mwaka jana kwa mzee mmoja Moiben, anaitwa Bethwel. Kuku walikuwa wanalala ndani. Hii si biashara, madam. Hii ni ya roho."

Ukiiangalia, ungemwamini. Mbao mpya za msonobari zilikuwa zimelazwa nyuma pa mizigo, zimepigwa randa mpaka zinateleza. Bodi ilikuwa nusu bluu, ile bluu ya trekta, na nusu chuma kitupu kilichong'aa.

Rosebella aliinama penye bawaba za mlango uliokosekana, akakaa hapo muda mrefu. Kila bawaba ilikuwa na matundu matatu. Katika kila tundu kulikuwa na bolti yake, imerudishwa kwa vidole na kupakwa grisi kidogo ili isishike kutu.

"Mzee, hizi bolti umezirudisha wewe?"

"Mimi sijagusa kitu. Kwa sinema wanasema mtu asiguse."

Aliandika: *Bolti sita. Zimerudishwa.* Akapigia mstari.

Mzee alikuwa na jambo jingine la kumwonyesha. Jana yake, Alhamisi, saa kumi na moja jioni, fundi akiwa anashughulika na nyuma, yeye mwenyewe alishika msasa wa maji akaanza mlango huo wa kushoto. Hapo ndipo watu wa zamani walipozoea kuandika jina la mwenye gari. Rangi ya bluu sehemu ile ilikuwa imejikunja kama utandu wa maziwa yaliyopoa. Chini yake ikatokea rangi ya njano, laini, ikinatanata na kuziba msasa. Zikatokea herufi tatu, L, E, L, na baada ya hapo mchafuko mtupu. Mzee alizipiga picha kwa simu, akamtumia bintiye Hafsa aliyekuwa chuoni Kisumu, akamtumia na Bethwel kumuuliza huyo Lel ni nani.

Jibu la Bethwel lilikuwa bado kwenye simu, la saa moja na dakika nne jioni: *Mzee huo mlango paka tu rangi juu. Usikwaruze zaidi. Tafadhali.*

"Fundi wako aliona hizo herufi?"

"Nimemuita aone. Akasema ni rangi mbaya, tutaitoa kesho."

Mulongo Shitanda alikuwa ameketi juu ya tairi, mikono katikati ya magoti, mtu wa miaka arobaini na mitano hivi mwenye kucha zilizokula rangi. Rosebella alimhoji saa tisa na dakika ishirini.

"Ulitoka hapa saa ngapi, fundi?"

"Saa saba hivi. Nilienda kula kwa Joy, hapo kwa kona."

"Na mlango ulikuwepo?"

"Ulikuwepo, madam."

"Hii gari ulikuwa umewahi kuiona kabla Mzee ailete?"

"Apana. 404 ziko mingi. Hii ilikuja kama bodi tu, haina namba, haina kiti."

"Unafikiri nani angeutaka huo mlango?"

Mulongo alitikisa kichwa. "Hata mimi nashangaa. Mlango kuukuu umeandikwa majina mbili, umeoza, nani atautaka? Labda Sadiq. Yeye hununua chuma yote, hata misumari."

Rosebella aliandika maneno hayo yote kama yalivyotamkwa. Wakati huo hakuona chochote ndani yake.

Sadiq, muuza chuma chakavu, alikuwa na mkokoteni uliojaa mabati na ulimi usiopumzika. Ndiyo, alipita mbele ya geti la Mzee saa saba. Ndiyo, kwa mwaka mzima alikuwa akimsumbua Mzee amuuzie ile bodi kwa kilo. Alipoulizwa angeutoaje mlango wa 404, alichomoa tindo na nyundo, akaonyesha.

"Pa, pa! Dakika mbili. Naukata kwa bawaba. Bolti za sabini na tatu zimeshikana na kutu, madam, mimi niko na muda ya kuzibembeleza? Ni kama harusi?"

"Uliona mtu?"

"Niliona boda boda imebeba kitu pana, imefungwa na blanketi. Imeshika njia ya Langas. Lakini boda hubeba hata kitanda, ningejua aje?"

Rosebella alimwacha. Mtu anayekata kwa tindo harudishi bolti sita na kuzipaka grisi. Hizo zilirudishwa na mkono uliofundishwa, mkono wa fundi anayejua kwamba bolti isiporudi tunduni mwake leo, kesho utaitafuta gari zima. Tatizo ni kwamba Mzee mwenyewe alikuwa na mkono wa namna hiyo, na kadhalika mkulima yeyote mwenye trekta.

Saa kumi na moja kasorobo alipitia duka la Dahabo, mkewe Mzee, aliyeuza rangi na vifaa vya ujenzi. Alimwekea mezani kipande cha msasa kilichokuwa kimetupwa uani, kimejaa utomvu wa njano. Dahabo alikinusa, akakisugua kwa kidole gumba, akakunja uso.

"Hii ni rangi ya mafuta, na mtu ameichanganya na dizeli. Ndiyo sababu haikukauka mpaka leo."

"Watu huchanganya na dizeli?"

"Mtu mwenye akili? Wanakuja hapa kuchukua thina. Hana pesa, anatumia mafuta ya taa. Dizeli ni mtu amekosa yote mbili." Dahabo alirudisha kipande mezani. "Mimi niko hapa tangu tisini na tano. Siku moja tu watu walikuja kugonga kwa nyumba wakitaka thina na sikufungua. Ile wiki ya vita. Hakuna duka Eldoret ilifunguliwa."

Hakuna aliyehitaji kuuliza ni vita vipi. Mjini Eldoret ukisema vita, unasema matokeo ya kura yaliyotangazwa Desemba 2007 na moshi uliofuata, majirani wakiwindana kwa kabila. Rosebella alikuwa na miaka ishirini na mitano wakati huo, konstebo kwenye meza ya mapokezi ya kituo kimoja mjini. Alikunja kipande cha msasa ndani ya karatasi na kumshukuru Mama Hafsa.

Jumamosi, saa nne asubuhi, alikuwa Moiben. Bethwel alimpokea shambani, mzee mrefu wa miaka sitini na kitu, mwenye kofia ya mviringo na adabu nyingi kupita kiasi. Mahindi yalikuwa yamekauka yakingoja kukatwa.

"Jana saa saba ulikuwa wapi, Mzee?"

"Hapa. Tulikuwa tunachanja ng'ombe. Uliza daktari wa mifugo, ameondoka saa tisa." Daktari alipigiwa simu, naye akathibitisha.

"Kwa nini ulimwambia Mzee Farah asikwaruze ule mlango?"

Bethwel alitazama mahindi yake. "Ile gari niliikuta hapo barabarani, mwaka mpya wa 2008. Haina magurudumu, milango wazi. Nikaivuta na trekta nikaiweka hapa ngoja mwenyewe aje. Nilimwambia chifu. Wiki iliyofuata chifu akatuma mtu kituoni huko mjini, aulize kama kuna mtu amepoteza pikapu nyeupe. Wakaangalia kitabu. Wakasema hakuna imeandikwa."

"Kituo gani?"

Alikitaja. Rosebella aliandika jina la kituo, akafungua ukurasa mpya.

"Na ile rangi ya njano?"

"Ilikuwa mbichi. Nilisukuma mlango, ikaniingia kwa mkono. Jina lilikuwa limeharibika hivi, kama mtu amelifuta na kiganja. Nikapaka rangi ya trekta juu, nikabeba nayo maziwa miaka miwili, mpaka injini ikafa. Nilimwambia Farah asikwaruze kwa sababu..." Alirekebisha kofia yake. "Mambo ya wakati ule, madam, ni afadhali yakae chini ya rangi."

Wakati anaondoka Rosebella aliona kitu cha ajabu. Shamba lote lilikuwa limepandwa mpaka kwenye ua, isipokuwa kona moja karibu na barabara, hatua nne kwa tatu, iliyoachwa na majani yake. Nyasi zilikuwa zimefyekwa vizuri.

"Hapa hulimi?"

"Pana mawe," alisema Bethwel haraka.

Udongo wa Moiben ni mwekundu na mzito, na katika shamba zima Rosebella hakuona jiwe hata la kumrushia kunguru. Aliandika: *Kona. Mawe?*

Saa nane mchana alikuwa amerudi Pioneer, ameketi katika hoteli ya Joy mbele ya sahani ya maharagwe. Joy, mwanamke wa maneno machache na sahani zilizojaa, alikumbuka Ijumaa vizuri.

"Fundi Mulongo hufika saa saba kamili, unaweza weka saa yako. Jana amefika saa nane kasorobo. Amelipa, hakula. Nikamuuliza kama ni mgonjwa, akasema ni joto."

Oktoba hii ya mawingu, joto lipi? Rosebella aliinua macho kutoka kwenye daftari, na hapo akakiona kibao cha hoteli, kikuu, kimepauka, kimeandikwa kwa mkono. Mguu wa herufi L katika neno HOTELI ulikuwa umepindwa juu mwishoni kama ndoano. Alitoa simu akaangalia picha ya Mzee. L mbili za njano, na zote mbili zina ndoano.

"Hiki kibao alikuandikia nani?"

"Si ni huyo huyo Mulongo. 2006. Zamani vibao vyote vya hapa vilikuwa vyake. Halafu aliacha ghafla, akaingia mambo ya bodi. Ukimwambia akuandikie hata bei ya chai anakataa."

Sahani ya maharagwe ilipoa. Rosebella alirudi ukurasa kwa ukurasa mpaka Ijumaa saa tisa na dakika ishirini, akasoma tena: *mlango kuukuu umeandikwa majina mbili.* Mzee aliona jina moja. Picha ilikuwa na jina moja. La pili lilikuwa bado chini ya rangi, na hakuna msasa uliokuwa umelifikia.

Jumapili, tarehe 16, saa nne asubuhi, aliwaita wote uani kwa Mzee Abdirizak. Bethwel alitoka Moiben mapema, amevaa koti la kanisani. Dahabo alileta chai na kuketi kando ya mumewe. Mulongo alibaki amesimama karibu na pikapu, upande ule usio na mlango.

"Sitawachosha," Rosebella alisema. "Aliyetoa ule mlango alirudisha bolti sita mahali pake na kuzipaka grisi. Mwizi hafanyi hivyo. Hiyo ni kazi ya fundi, mkono umezoea hata moyo ukiwa na haraka. Mzee Farah alikuwa msikitini. Mzee Bethwel alikuwa na daktari wa ng'ombe. Fundi Mulongo, ulisema ulifika kwa Joy saa saba. Ulifika saa nane kasorobo."

Mulongo aliinamisha macho kwenye bawaba tupu.

"Uliniambia mlango una majina mawili. Mzee, wewe uliona mangapi?"

"Moja," alisema Mzee Abdirizak polepole. "Hata hiyo moja haikuisha."

"La juu limeandikwa na rangi iliyochanganywa na dizeli, wakati hakuna duka lililofunguliwa. Na L zake zina ndoano, kama ile iko kwa kibao cha Joy. Fundi, mlango uko wapi?"

Mficha maradhi, kilio humfichua. Mulongo aliketi chini, palepale kwenye vumbi la rangi, kama mtu aliyeambiwa hatimaye anaweza kupumzika.

"Uko nyumbani kwangu Langas. Nyuma ya kabati. Sikuuharibu."

"Mlango wangu umekukosea nini, fundi?" Sauti ya Mzee ilikuwa ya kuumia kuliko ya hasira. "Tumekula pamoja hapa mwaka mzima."

"Mzee, ningejua ni hii gari, singekubali kazi yako. Nilijua Alhamisi, ukinionyesha." Alifuta uso kwa mkono wa shati. "Ilikuwa ya Ndungu. Ndungu wa viazi, wa Ainabkoi. Alikuwa customer yangu. Jina lake kwa huo mlango niliandika mimi, 2003. Halafu ile Jumatatu, tarehe thelathini na moja Desemba, akakuja kwa kibanda changu saa mbili asubuhi. Bibi yake na watoto walikuwa wameenda Krismasi kwa dadake huko Moiben, na barabara zimefungwa. Akaniambia, fundi, funika Ndungu, wakiisoma wataniua, niandikie jina ya watu wa huku, yenye itapita. Nikaandika Lelei, Moiben. Thina sikuwa nayo. Nikaweka dizeli."

"Ulijua haitakauka?" aliuliza Dahabo.

"Nilijua, mama. Nilimwambia asiguse. Lakini alizunguka kuiangalia, akafurahi, akaipiga na mkono hivi, kama mtu anapiga ng'ombe yake mgongo. Kiganja chote kikaingia kwa rangi. Akacheka. Akaniambia, nipe kitambaa na petroli ninawe." Mulongo alitazama viganja vyake. "Halafu nikasikia filimbi huko barabarani. Vijana walikuwa wanakuja. Nikafikiria, wakipata huyu kwa kibanda yangu, watanimaliza pamoja na yeye. Nikamwambia enda, enda, utanawa mbele. Nilimsukuma ndani ya gari na hii mikono. Kitambaa kilikuwa kwa mfuko yangu, madam. Kilikuwa hapa, kwa mfuko."

Chai ilikuwa imeanza kupoa na hakuna aliyeigusa.

"Siku ya mwaka mpya nikasikia watu mahali pa kinywaji wanacheka. Mtu wa mkono wa njano. Walimsimamisha, jina kwa mlango ni sawa, wakataka kumwachilia. Halafu mmoja akasema, inua mikono juu. Akainua, na kiganja kina rangi ya lile jina, bado mbichi."

"Na bibi yake?"

"Alikuja kuniuliza Februari, akitoka kambini. Nikasema sijamwona mumeo. Tangu siku hiyo sijashika brashi ya kuandika. Nilitoa huo mlango nikijua nauficha. Nilipofika nyumbani nikashindwa kuichoma ile rangi. Ni alama ya mkono wake, iko hapo mpaka leo."

Rosebella aligeuka. "Mzee Bethwel. Ile kona haina mawe."

Bethwel alivua kofia. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake.

"Ni mkono wa kulia," alisema. "Rangi ilikuwa imefika mpaka hapa. Nilimkuta kwa mtaro, mbele ya gari. Hakuwa na kitambulisho, hakuwa na viatu. Nilimfunga na blanketi ya nyumba yangu, nikachimba mwenyewe. Nilifyeka hapo kila mwezi."

"Na chifu ulimwambia gari tu. Mtu hukumtaja."

"Sikumtaja. Kwa sababu kati ya wale vijana mmoja alikuwa mtoto wa ndugu yangu. Alikuja kwangu jioni hiyo, analia, ndiye alinionyesha mahali." Aliikunja kofia. "Yuko. Ana watoto watatu. Nitakupatia jina lake, madam, lakini nipeleke kituoni, nisiseme mbele ya chai ya watu."

Mmoja alikuwa na jina lakini hakujua kaburi. Mwingine alikuwa na kaburi lakini hakujua jina. Waliishi mwendo wa saa moja kati yao kwa karibu miaka tisa, kila mmoja akiukumbatia upande wake. Kilichobaki ni mwanamke aliyekuwa akitafuta vyote viwili.

"Huyo bibi anaitwa nani?" Rosebella aliuliza, kalamu tayari.

"Waithira," alisema Mulongo.

Kalamu ilisimama. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, Karani hakuandika alichoambiwa. Alibaki ameutazama ukurasa.

"Kuna wa tatu," alisema Rosebella.

"Wa tatu gani, madam?"

"Chifu alituma mtu kituoni. Wakaangalia kitabu, hakuna pikapu nyeupe iliyoandikwa. Mimi ndiye nilikuwa kwa hiyo meza. Alikuja mwanamke wa sweta ya kijani, tarehe tatu au nne Januari, na mtoto mgongoni. Akasema mume wangu ametoka mjini na 404 nyeupe, hajafika Moiben. Nyuma yake kulikuwa na watu mia mbili, na mimi sikuwa nimelala siku tatu. Nikamwambia, enda showground, kwa kambi ya waliokimbia, utampata huko, kama hayuko urudi kesho. Sikuandika. Jina nilisikia, Waithira, nikasema nitaandika baadaye." Alifunga daftari. "Ningeandika mstari mmoja, yule mtu wa chifu angeukuta. Huyo mama angepata mume wake wiki hiyo hiyo."

Mzee Abdirizak alimsogezea Rosebella kikombe cha chai. Alitazama pikapu yake, mbao zake za msonobari, rimu zake za kromu. Alijua tayari kwamba haikuwa yake.

Jina la mpwa wa Bethwel liliandikwa siku hiyo saa nane mchana, naye akakamatwa Jumatatu akiwa kazini, bila kukimbia. Mulongo na Bethwel waliandika taarifa zao, wakaachiliwa kwa dhamana. Rosebella aliandika taarifa yake mwenyewe, kurasa mbili, akampelekea mkubwa wake, aliyeisoma mara mbili na kumuuliza kama ana hakika anataka kuisaini. Alisaini.

Waithira hakuwa mbali. Alirudi Ainabkoi mwaka 2011, akajenga upya, akawa anauza viazi palepale alipouza mumewe. Rosebella alimpigia simu mara nne kabla ya kuacha simu iite mpaka ipokelewe.

Alhamisi, tarehe 27, saa tatu asubuhi, walikutana Moiben na kibali cha mahakama, daktari wa serikali, na wachimbaji wawili. Waithira alikuja na mwanawe wa kwanza, kijana mrefu asiyesema. Mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, amejifunga leso kichwani, na alimtambua Rosebella kabla hajatambulishwa.

"Ni wewe," alisema. "Wa urudi kesho."

"Ni mimi, Mama."

"Nilirudi. Nilirudi mara tatu. Mara ya tatu nikakuta mwingine, akaniuliza niko na namba ya ripoti. Nikamwambia sijui kama nilipewa."

Rosebella alikuwa amejiandalia maneno tangu Jumapili. Hakupata nafasi ya kuyasema. Karibu naye Mulongo alipiga magoti kwenye majani, mikono imefungamana, akaanza kulia kwa sauti, akisema kitambaa, kitambaa, bila mtu mwingine kuelewa isipokuwa waliojua. Bethwel alisogea naye, kofia mkononi, akasema, "Mama, nakuomba..."

"Ngojeni," alisema Waithira. Hakupaza sauti. "Fundi, simama. Nyinyi nyote na maneno yenu, ngojeni. Mimi nimengoja karibu miaka tisa, hamtashindwa na siku mbili tatu. Nilikuwa napika ya watu watano kila siku, na tuko wanne. Mtoto akiniuliza baba alienda wapi, namwambia alienda kutuchukua." Alikaza leso yake. "Leo sikuja kusamehe mtu. Nimekuja kuchukua mume wangu."

Akamgeukia daktari, akamwambia waanze. Wachimbaji wakavua makoti. Mwanawe akaja kusimama kushotoni kwake na kumshika mkono. Wale watatu walirudi nyuma mpaka ukingo wa mahindi, wakasimama pamoja, na hakuna aliyewaita.